Magoti Tuliyoachiwa na Mama

6 Februari

Kiroboto mdogo wangu,

Huku wote wazima isipokuwa mmoja mwenye goti. Wifi yako anakusalimu na anauliza ule uzi wa kufumia uliomwahidi umefikia wapi. Bati la jikoni tumelibadilisha, sasa mvua inanyesha nje tu. Binti yetu ameajiriwa kwenye duka la dawa, na tangu siku hiyo anatushauri hata kabla hatujaumwa.

Nakuandikia barua kwa sababu ukipiga simu wewe ndiye unayeongea, na nikikupigia mimi uko kazini umeizima. Karatasi haiwezi kunikatiza.

Jambo lenyewe ni goti la kulia. Lilianza kwa kukwaruza kidogo nikiinama kufunua mfuniko wa mita ya maji, kama kuna mchanga ndani. Baadaye likavimba. Sasa nina likizo ya ugonjwa. Bosi aliniita kabla sijaondoka. Si mtu mbaya. Akasema nichague kabla Juni haijaisha: nirudi mitaani kusoma mita na mkoba wangu kama zamani, au nikae meza ya malalamiko pale ofisini, nipokee watu wanaosema hawajawahi kutumia maji mengi kiasi hicho. Nikichukua meza, njia yangu anapewa mwingine na hairudi.

Unajua njia ile naitembea tangu binti yetu hajazaliwa. Mbwa wote wa mitaa ile nawajua, na mama zao.

Wifi yako ameniambia umejiunga na utafiti wa magoti hapo hospitalini kwenu, wanakutembeza halafu wanakutoa damu. Mimi na wewe tumezaliwa na mama mmoja, na magoti yake tunayo wote. Kwa hiyo damu yako ikisema kitu, inanisemea na mimi. Waulize, kisha uniandikie: kutembea na mzigo kunalimaliza goti, au hakulimalizi? Neno moja linatosha, ingawa najua neno moja kwako ni adhabu. Na goti lako wewe, likoje?

Kaka yako


25 Februari

Kaka, shikamoo.

Pole na goti. Mwambie wifi uzi upo, ila rangi aliyoitaka imekwisha dukani na aliyobaki nayo muuzaji ni ya kuvalia msibani. Mwanangu yuko mwaka wa mwisho, anasoma huku amelala, anasema ndivyo ubongo unavyopenda. Kazini lifti imekufa tena. Toroli la mashuka linaishia chini kwenye ngazi, kwa hiyo sisi watu wa dobi tunapandisha mafurushi kwa bega hadi ghorofa ya nne, na kushuka na machafu. Bosi wa dobi ana sheria moja tu: hakuna kupanda mikono mitupu, hakuna kushuka mikono mitupu.

Utafiti uko hiyo hiyo ghorofa ya nne, chumba cha mwisho. Daktari wa magoti ni kijana mwembamba anayeongea polepole, na kuna sista mmoja mnene wa kutoa damu ambaye haumizi. Nilichoelewa nakueleza, nisichoelewa usinilaumu.

Unapanda juu ya mashine yenye mkanda unaokimbia chini ya miguu, unatembea na hufiki popote. Siku ya kwanza unatembea na uzito wako tu. Siku ya pili wanakuvalisha kizibao chenye vyuma, uwe mzito. Siku ya tatu wanakufunga mikanda kiunoni inayokuvuta juu, uwe mwepesi. Kila siku wanachukua damu kabla hujatembea na baada ya kutembea. Wanachotafuta humo ni vipande vidogo sana vinavyotoka kwenye gegedu, ile nyama ngumu inayoteleza kati ya mifupa ya goti. Kabla ya damu ya kwanza lazima ukae kwenye benchi nusu saa bila kufanya lolote, ili damu itulie.

Siku ya kwanza nimeimaliza. Sista aliniambia vile vipande vikipimwa baada ya kutembea huwa vinaongezeka, na ukibeba mzigo vinatarajiwa kuongezeka zaidi. Nikamuuliza kama hiyo ni mbaya. Akaniambia nimuulize daktari. Daktari alikuwa ameshaenda kula.

Mimi goti langu? Liko mahali pake.

Mdogo wako


12 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Wifi yako anasema hata uzi wa msibani ulete, atafumia mto wa kukalia, maana kiti changu kimeanza kubonyea. Tumeshinda vizuri. Mwalimu jirani yetu amenunua baiskeli ya kwanza maishani mwake, na kila asubuhi namwona anaanguka pale pale kwenye kona ya mwembe. Jana alianguka akanisalimu akiwa chini.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na sasa nimeelewa. Ukitembea, vipande vya gegedu vinamomonyoka na kuingia kwenye damu. Ukibeba mzigo, vinamomonyoka zaidi. Bandu bandu huisha gogo. Goti ni sabuni, kila safari unaipunguza, na siku moja unashika povu tupu. Mkoba wangu una spana, tochi na ile nondo ya kufunulia mifuniko. Nimeubeba bega moja miaka yote hiyo, na goti lililovimba ni la upande ule ule.

Sasa naelewa pia kilichomtokea Mama. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mimi namkumbuka akirudi na gunia la mkaa kichwani, anakaa kizingitini, ananiita nimvute viatu kwa sababu hawezi kukunja mguu. Magoti yake yalikuwa kama maboga mawili. Mkaa ndio uliomla.

Nimeanza kuandika ombi la meza.

Hujajibu kuhusu goti lako. Goti kuwa mahali pake si habari, hata la maiti liko mahali pake.

Kaka yako


20 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua yako haijafika, au posta wameilalia, kwa hiyo naandika bila kujua unawaza nini. Huku wazima. Mwanangu amefaulu mtihani wa majaribio, kwa hiyo sina tena la kumwambia kuhusu kulala. Lifti bado.

Nimempata daktari. Nilimngoja mlangoni kwake na furushi begani ili asinipite. Nilimuuliza swali lako kama ulivyoliandika: kutembea na mzigo kunalimaliza goti au hakulimalizi? Akacheka, akasema angelijua hilo asingenunua mashine.

Alinieleza hivi. Gegedu haina mishipa ya damu. Inalishwa kwa kubanwa na kuachiliwa, kama sponji kwenye beseni: ukiibana inatoa maji machafu, ukiiachia inanywa mengine. Kwa hiyo ukitembea, vipande vinavyoonekana kwenye damu huenda ni uchafu wa kawaida wa kitu kinachofanya kazi. Huenda pia kwa mtu mwingine ni dalili ya kitu kinachochakaa. Kwa macho vinafanana. Nikamwambia, basi bora kukaa. Akasema goti lisilobanwa kabisa nalo linakonda. Nikamwambia, basi bora kutembea. Akasema inategemea goti, mzigo, na uzito wa mwenye goti.

Nilishuka na mashuka machafu nikiwa sijui kitu zaidi ya nilivyopanda.

Siku ya kizibao cha vyuma nimeimaliza juzi. Majibu yangu wataniambia. Usiamue lolote kabla.

Mdogo wako


9 Aprili

Kiroboto,

Marahaba. Tuko wazima. Mwalimu sasa anaendesha hadi kwenye nguzo ya pili ndipo anaanguka.

Barua yako ya kusema nisiamue ilifika siku tatu baada ya kupeleka ombi. Sikulipeleka mwenyewe, alilipeleka binti yetu akipita kazini. Bosi hajalisaini. Amesema ataniita nije kusaini mbele yake.

Sasa nikuulize kama kaka yako na si kama msoma mita. Kwenye barua ya Februari vipande vinaongezeka. Kwenye ya Machi vinaongezeka lakini huenda ni vizuri. Goti ni sabuni au ni sponji? Mimi nimesoma mita maisha yangu yote. Namba ikipanda, maji yametumika. Sijawahi kumwambia mtu kwamba mita yake imepanda lakini huenda hakutumia maji. Wangenipiga.

Akili nyingi huondoa maarifa. Mwambie daktari wako hivyo, kwa heshima.

Nangoja namba yako. Ikipanda sana ulipobeba vyuma, nasaini. Ikipanda kidogo, naliondoa ombi. Nimeshasema.

Kaka yako


10 Mei

Kiroboto,

Umekufa? Kama hujafa, andika. Wifi yako anasema nikuulize kwa upole, nami nimeuliza.

Kaka yako


30 Mei

Kaka, shikamoo.

Sijafa. Mwanangu hajambo, ameanza mitihani yenyewe. Mwambie wifi uzi nimeutuma na mtu, rangi ya majani, asinune. Lifti ilitengenezwa siku moja ikafa jioni yake.

Sikuandika kwa sababu majibu yalikuja na sikujua niyaseme vipi. Namba yangu ilishuka.

Soma tena kama hujaamini, mimi pia sikuamini. Siku ya kizibao, vipande vilikuwa vingi kabla sijatembea, na baada ya kutembea na vyuma vikawa vichache. Kwa wenzangu wote vilipanda. Daktari aliniita ofisini, akanikalisha, akanionyesha mstari wangu kwenye kompyuta. Mistari ya watu inapanda kama ngazi, wangu unateremka peke yake kama anayekwenda chooni. Walidhani wamechanganya chupa za damu. Wakapima tena, ikawa ile ile. Sista akaapa kwamba chupa ziliandikwa sawa. Daktari akaniuliza kama nina ugonjwa wowote wa damu katika ukoo. Nikasema nina kaka.

Kisha akaniuliza, “Ulikaa kwenye benchi?”

Nikasema nilikaa. Na kweli nilikaa.

Nilirudi nyumbani na jambo hilo, kaka, nikalala nalo wiki na wiki. Sikuandika kwa sababu ulikuwa umeshasema utasaini au hutasaini kwa namba yangu, na namba yenyewe nilikuwa naijua ina walakini. Sasa nakuambia nilichomwambia daktari mwishowe.

Benchi lile liko kwenye ukumbi, nje ya chumba cha damu, mkabala na wodi. Mimi nilikuwa na sare. Nilikaa, mikono mapajani, kama mgeni anayengoja chai. Watu wanapita, wananitazama. Mashuka machafu ya wodi yamerundikwa mlangoni karibu na mguu wangu, yananuka, na ni kazi yangu. Akapita mwenzangu wa dobi na furushi begani, jasho linamtoka. Akasimama, akanitazama juu hadi chini. “Leo wewe ni mgonjwa au ni mkurugenzi?”

Nikainuka. Nikayafunga yale mashuka, nikashuka nayo. Kwa kuwa hakuna kupanda mikono mitupu, nikapanda na masafi. Nikaona nusu saa haijaisha, nikarudia. Sista alipofungua mlango nilikuwa nimekaa benchini, nimefuta uso. Akanichoma sindano hapo hapo.

Kwa hiyo ile damu yao ya kabla ilikuwa damu ya mtu aliyebeba mashuka ghorofa nne mara mbili. Mashine yao na vyuma vyake ilikuwa kama kupumzika. Nilipokuwa natembea juu yake, goti langu lilikuwa linatulia.

Daktari hakunigombeza. Aliirudia ile mistari kwenye kompyuta mmoja mmoja, nikajua anahesabu ni watu wangapi wengine aliowakalisha kwenye benchi lile bila kuwatazama. Alisema siku ile haihesabiwi, turudie. Safari hii sista alinikalisha ndani, akakaa mbele yangu na mlango umefungwa. Ile nusu saa ilinichosha kuliko ngazi. Halafu nikavaa vyuma, nikatembea, na namba ikapanda kama ya watu wote. Si sana, si kidogo. Katikati. Siku ya mikanda nilitembea kama shuka kwenye kamba, na ikapanda kidogo zaidi kuliko nilivyotarajia. Hata hapo sikuelewa.

Nilimwambia daktari kwamba kaka yangu anangoja, na kwamba kuna meza ya kusaini. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: “Damu inaniambia goti limeusikia mzigo. Haijaniambia limeupokeaje.” Akasema namba ya mtu mmoja kwa siku moja haiwezi kusoma mbele. Watatufuata kwa miaka, watatupiga picha za magoti, ndipo huenda watajua ni nani namba yake ilikuwa onyo na nani ilikuwa kazi ya kawaida tu. Alisema pia goti lako lililovimba ni la kuonwa na daktari wa huko, si la kusomewa kwenye damu ya dada. Hilo alilisema kwa ukali kidogo.

Sasa la Mama. Umesema sikumbuki. Ulipoondoka kwenda kutafuta kazi, Mama alikuwa bado anatembea na magoti yake hayo ya maboga. Mkaa aliuacha, tukamkalisha, tukafurahi kwamba sasa anapumzika. Mimi ndiye niliyekuwa naye kwenye kile kiti. Ule mwaka wa kwanza alikuwa anainuka mwenyewe. Wa pili alikuwa ananiita. Wa tatu hakuita tena. Sikuambii kwamba kiti ndicho kilichomla. Nakuambia kwamba wewe uliona mkaa na mimi niliona kiti, na hakuna kati yetu aliyeona vyote.

Uliniuliza goti langu mara mbili. La kushoto linauma ngazini, nikishuka kuliko nikipanda. Nimeanza kufunga mafurushi madogo. Bosi wa dobi ameona, ameniacha.

Na wewe, kaka. Mwalimu unamwona akianguka kwenye kona. Kisha unamwona akianguka kwenye nguzo. Ombi lako linapelekwa na binti. Barua zako zote zimeandikwa kutoka kwenye kiti kimoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mara ya mwisho ulitoka nje ya geti lini?

Mdogo wako


24 Juni

Kiroboto,

Marahaba. Uzi umefika, wifi yako amenuna siku moja tu. Binti yetu amelipwa mshahara wa kwanza akanunulia nyumba nzima dawa za minyoo. Mpe mwanao pole ya mitihani.

Swali lako la mwisho silijibu. Wifi yako amelisoma akacheka peke yake jikoni, basi jibu unalo.

Nilikwenda kwa daktari wa huku. Alilibonyeza goti, akalipiga picha, akasema limechakaa kiasi cha umri wake na kuna maji yanayolivimbisha. Nikamuuliza nitembee au nikae. Akasema nitembee ila nisizidishe. Nikamuuliza kuzidisha kunaanzia wapi. Akasema goti litaniambia. Nimelipa nauli kwenda kuambiwa nikalisikilize goti langu.

Juzi bosi aliniita kusaini. Nilifika mapema. Karani akanionyesha benchi nje ya mlango, akasema ningoje, bosi anaongea na simu. Nikakaa. Nakiri nilikufikiria, nikacheka mwenyewe hadi karani akanitazama. Nikajiambia mimi si wewe, mimi nitakaa.

Mkononi sikuwa na kitu, na kalamu walikuwa nayo wao.

Nikiwa hapo akaingia mama mmoja, amelowa hadi magotini, anasema mita ya nyumbani kwake imepasuka na maji yanajaa uani, ameshapiga simu tangu asubuhi na hakuna aliyekuja. Nikamuuliza anakaa wapi. Ni kwenye njia yangu. Kwa yule mbwa mweupe mwenye sikio moja. Karani akamwambia akae angoje fundi. Kwenye benchi langu, pembeni yangu. Maji yakawa yanamchuruzika yanakuja kwenye kiatu changu.

Mkoba wangu bado ulikuwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Nilichukua spana na nondo tu, tochi nikaiacha. Nikamwambia twende.

Mbwa alinisahau, akanibwekea, kisha akakumbuka akaona haya. Nilifunua mfuniko nikiegemea mguu wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikataa. Nilifunga koki kuu. Kupiga magoti nilipiga, kuinuka yule mama alinivuta. Sijui kama kwa kufanya hivyo nimelilisha goti au nimelichoma. Nilitembea kurudi taratibu, na kwenye nusu ya njia likaacha kukwaruza, na karibu na ofisi likaanza tena. Hesabu hiyo mpelekee kijana wako mwembamba.

Niliporudi, bosi alikuwa ameshaniita jina, hakunikuta, akaenda kwenye mkutano. Karatasi bado ilikuwa juu ya meza, haina sahihi. Karani alitaka kujua nitarudi lini kusaini. Nikamwambia kesho nitakuwa mitaani.

Nimeomba nondo ibaki kwa fundi, nibebe spana na tochi. Bosi amekubali kwa majaribio, amesema tutaona. Kila mtu anasema tutaona. Kama nimekosea utanizika wewe, na nakuomba siku hiyo ukae chini kama watu wengine.

Funga mafurushi madogo.

Kaka yako

Wifi, ni mimi, kalamu nimempokonya. Siku ile alirudi anachechemea, akala sahani mbili. Sijamwona akila hivyo tangu Januari. Sikujua nifurahi au nimkande goti. Nimefanya vyote viwili.